Mot de passe tuliyokariri ku shirika, na shamba la mujane Anastasie

Mama Adelaïde, wewe mwenye kujibu watu wa shida ku redio, nakuomba unisikie na mimi. Naitwa Verdiane, niko huku Kibabi, nalima maharage na mihogo kama kila muntu, na mu nyumba yangu iko ordinateur, kompyuta moja ya zamani yenye shemeji yangu Symphorien, mwalimu wa sekondari, aliniwekea Linux, programu ya kuiendesha, akasema hii njo ya bure na haishikwi na virusi, wewe tumia tu, basi nikatumia tu, na juu huku tunakimbiaga vita na kila mara makaratasi ya mashamba yanaungua ao yananyeshewa njiani, shirika letu la kanisa likakubali nipige picha karatasi ya kila familia, familia makumi tatu na mbili, nizitunze mu ile mashine, na kisha sala nikasimama nikatangaza mot de passe, neno la siri la kuifungua, mbele ya wote, tukaikariri pamoja mara tatu, ili siku ya kukimbia yeyote mwenye atapita kwangu wa kwanza abebe mashine na aweze kuifungua hata kama mimi sipo.

Mama, hakuna mwenye aliona ubaya. Kuficha kitu mu shirika kwetu ni kama kula na mulango umefungwa.

Sasa Jumanne kulikuwa kesi kwa chef wa lokalite, mukubwa wa kijiji chetu. Nzabonimpa, mwenye tunasali naye, anasema shamba la Anastasie, mujane jirani yangu mwenye watoto wane, eti marehemu alimuuzia yeye, na karatasi yake ya kwanza ilipotea njiani lakini kopi iko, akaitoa, chef akaizungusha tuone, na ilipofika mu mikono yangu nikaona njo karatasi ya Anastasie yenyewe, muhuri ile ile, jina tu limegeuzwa, na ku kona ya chini kuko kidole gumba chenye kovu ya panga, kidole changu mimi, chenye kilishika karatasi siku nilipoipiga picha. Njo nikakumbuka mwezi wa pili alikuja kwangu kuchapa barua, mot de passe akaiandika mwenyewe, mimi nikamwacha nikaenda kuangalia sufuria, na njo hapo aliibeba ile picha.

Anastasie alikaa pembeni yangu, karatasi yake ya kweli iliungua mwaka jana na nyumba, akaniuliza polepole: "Dada, wewe uliiona karatasi yangu, si utasema?" Mimi nikapitisha ile kopi kwa mwenye alikaa mbele yangu.

Kesi inarudi Ijumaa. Symphorien anasema tufute mashine yote mbele ya hiyo siku, hakuna mwenye atajua kitu kilitoka kwangu. Nikisema, familia zote zitajua makaratasi yao yako inje juu yangu. Nifute ao nisifute?

Verdiane, Kibabi

*

Verdiane, majina yote nitakapokusoma hewani nitayageuza, lakini wewe utajijua. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ee Mungu wangu! Mot de passe mlikariri kama Salamu Maria?

Mficha uchi hazai, kwa hiyo umefanya vizuri kuandika. Sasa sikia. Usifute hata kitu kimoja. Hiyo picha mu mashine yako, yenye jina la mume wa Anastasie na tarehe uliyoipiga, ndiyo shahidi pekee aliyebaki wa yule mama. Ukiifuta, wewe mwenyewe umemuuzia Nzabonimpa shamba, tena bure. Zima mashine, ifunge mahali, na Symphorien asiiguse mpaka mbele ya chef. Na huyo mwalimu mwambie Mama Adelaïde amemushangaa sana.

Kweli Linux haisumbuliwi sana na virusi. Lakini nani alikudanganya kwamba mwizi ni virusi tu? Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Linux, mot de passe yako haifungui mulango tu: mwenye kuijua anaweza kuingiza programu, kufuta, kugeuza mashine yote, na mashine inamtii kama wewe. Uliwapa familia makumi tatu na mbili ufunguo wa nyumba, wa ghala na wa sanduku, kisha ukaenda kuchochea maharage.

Kesi ikiisha, badilisha mot de passe siku hiyo hiyo. Wageni wa kuchapa barua uwafungulie konti yao peke yake mu mashine, isiyoona picha zako na isiyo na ruhusa ya kugeuza kitu, na ukiinuka, hata kwa sufuria, funga ekra, kioo cha mashine, mpaka mot de passe iandikwe tena. Kila unaposhuka Goma kwenye internet fanya mise à jour, yaani upakue marekebisho mapya ya programu, usingoje mwaka. Symphorien aiweke Linux upya na disque iliyofungwa kwa chiffrement, yaani kila kitu kigeuzwe fumbo, ili hata ikiibiwa njiani isisomeke, lakini kwanza akopie picha zote ku clé USB mbili, nazo zifungwe vile vile. Na mambo ya kukimbia, ninayaelewa, na mimi nimekimbia mara tatu. Watu wawili watoshe: padiri na dada yako mmoja aliye mbali, kila mmoja na bahasha iliyobandikwa, mot de passe ikiwa ndani. Shirika wasali, wasikariri.

Hizo familia zingine pia utawaambia, Jumapili, ukisimama pale pale uliposimama. Watakasirika, na wako na haki.

Lakini Anastasie asingoje Ijumaa. Nenda kwake leo. Mwambie kidole ni chako na ulinyamaza kwa kuogopa. Pengine atakufukuza. Basi ukae inje hapo ku mulango mpaka afungue, halafu muende kwa chef pamoja, wewe ukiwa umebeba mashine.