Maneno Manne Nyuma ya Kiti cha Baba

Suet, uko? Wamemchukua baba. Sasa hivi, mbele ya wageni wote!

Si leo ilikuwa karamu yake ya kustaafu ukaguzi wa majengo? Nikamwandikia kwa brashi yale maneno manne ya kumsifu afisa mwadilifu, anayetoka kazini mikono ya joho lake ikiwa na upepo safi tu. Nikayatundika nyuma ya kiti chake.

Alipoyaona hakucheka. "Nani kakwambia uandike hayo?" Nikadhani anaona haya tu. Anaona haya, mwenzangu!

Samaki ndiyo kwanza analetwa, wakaingia wapelelezi wa rushwa wawili. Wapole kweli. "Bwana Kwan, twende tukanywe kahawa."

Kahawa, Suet! Hong Kong nzima inajua kahawa hiyo ni kwenda kuhojiwa kwa rushwa. Mama anaendelea kupakua, "Kuleni jamani, samaki atapoa."

Nikamuuliza mpelelezi mmoja kosa ni lipi, kisha nikamkimbilia baba hadi kwenye lifti. "Wanasema ulipitisha jengo bovu. Wanakusingizia, sivyo?"

Akaniangalia. Akanong'ona, "Wamekwambia ni jengo lipi?"