Ugonjwa Niliouombea Uwe Wangu

Shikamoo, Mama.

Naanza hivyo kwa sababu hukuwa ukikubali kunisikiliza kabla sijakuamkia. Sasa nisikilize. Ni mimi, Rukia wako, na nimekuja na wivu uleule uliokuwa ukinigombezea tangu tuko wadogo hapa Junda. Miezi mitano imepita tangu tukuzike, nami nilidhani wivu wangu utazikwa nawe. Wapi. Umenona.

Unamkumbuka yule daktari aliyekutoa damu ikapelekwa ng'ambo? Majibu yalifika tukiwa tumeshamaliza hitima yako. Alituita, mimi na ndugu yangu Zuhura, akatueleza polepole. Kuna protini ambayo ini hutengeneza na kuituma mapafuni iyalinde. Ini lako tangu uzaliwe lilikuwa likiitengeneza vibaya, ikawa inakwama humo humo na kuliharibu, na mapafu yakabaki bila ulinzi. Ndiyo yale macho ya manjano, ndiyo ile pumzi iliyokuwa ikikukatika ukitoka tu kisimani. Na wale waliokuwa wakinong'ona kwamba Bi Mariamu lazima anakunywa pombe kwa siri, maana ini haliozi bure, nimewapitia nyumba kwa nyumba nikawaeleza. Mmoja nilimweleza mara mbili kwa kuwa alinikera.

Daktari alisema maradhi haya hurithiwa. Wewe uliyapata kwa wazazi wako wote wawili, kwa hiyo kila uliyemzaa lazima ameyachukua, japo nusu yake. Akataka watoto wako wapimwe damu. Pale dirishani pa maabara muuguzi akauliza kama sisi ni wa mama mmoja. Zuhura akanitazama. Nami nikawahi kabla hajafungua mdomo, nikasema, "Mama mmoja."

Sikujiona nasema uongo. Nani aliwahi kututenga katika nyumba yako? Nilikuwa na miaka saba uliponieleza, kichwa changu mapajani mwako unanisuka, kwamba aliyenizaa ni jirani na shoga yako Bi Salma, kwamba alifariki wiki ileile niliyozaliwa, na kwamba siku hiyohiyo ulinichukua ukaniweka ziwa moja na Zuhura akawa kwenye la pili. Ukasema, "Umenyonya kwangu, umekuwa wangu. Hata wanangu wa kiume hawakuoi." Hukuzaa mtoto wa kiume, lakini nilikuelewa. Basi nilipokaa kwenye kiti cha maabara, mkono nimeunyoosha, nilikuwa nimejiaminisha kwamba maziwa ya miaka miwili hayawezi kupita mwilini yasiache kitu kwenye damu. Mtu mzima mimi, nimejizalia watoto wawili, na nilikuwa nikiomba dua nikutwe na ugonjwa wa ini.

Usinicheke. Unajua wivu huu umetoka wapi. Ulipozidiwa ulimwita Zuhura, ukamkabidhi upishi wako wa shughuli, masufuria, mafiga, na ule mwiko mrefu. Ni mimi niliyekuwa nikijua chumvi ya masufuria manne ya biriani kwa kunusa tu. Zuhura ukimwacha na wali dakika kumi anakurudishia uji. Ukampa yeye, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na uji wako mkononi. Hukunieleza sababu. Nikajipa mwenyewe: damu.

Majibu yalipotoka, Zuhura alikuwa na upishi wa harusi Bombolulu, akanipa barua ya ruhusa nimchukulie na yake. Zuhura amekutwa nayo kamili, nusu yako na nusu ya marehemu Baba. Mimi sina hata chembe. Daktari aliishika karatasi yangu, akaiweka, akaishika tena, kisha akaniuliza kwa upole kama marehemu ndiye aliyenizaa. Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia mtu wa nje neno hilo. Akaniambia Zuhura aache moshi wa kuni kuanzia siku hiyo, asingoje hata kidogo, maana mapafu yake nayo hayana ulinzi.

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitalipunguza. Nilizificha karatasi zile chini ya godoro siku tisa. Kumsomea yake kulikuwa ni kumsomea na yangu. Katika siku hizo tisa Zuhura alipika shughuli mbili. Ya pili nilikuwa pembeni yake nakata vitunguu, moshi unamwingia usoni, na mimi kimya. Nilimwonea wivu kwa ugonjwa, Mama. Yeye ana kitu chako ambacho hata watu wa ng'ambo wasiokujua wanakiona, na mimi nina maziwa ambayo hakuna mashine inayoyaona.

Alipokuwa akipalia makaa juu ya kifuniko, alisita. Akaweka mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, akisubiri pumzi imrudie. Hivyo ndivyo ulivyosimama mwaka jana na sisi tukasema ni uchovu. Nikalia, nikamwambia yote palepale mbele ya wale wanawake wa kumenya viazi. Nilikuwa nimekuja na karatasi kwenye mkoba, sijui kwa nini, labda nilishachoka nazo. Akajifuta mikono, akazisoma zote mbili. Alisema maneno matatu tu. "Siku tisa, Rukia?" Kisha akanipa mwiko, akaenda kukaa upande ambao upepo hauleti moshi.

Hakusema nami juma zima. Sasa anasema, lakini ni kunikosoa tu, mara wali umekaza, mara nazi nimekamua nyepesi. Anakaa kwenye kiti mbali na kuni ananiamrisha kama wewe. Kwa hiyo nimekipata nilichokitaka, Mama. Nimesimama mahali pako, na nimepewa kwa sababu damu yako sina. Nimejaribu kufurahi, nimeshindwa.

Ninakwambia jambo la mwisho kisha nikuache upumzike. Nimehamia kwake kumsaidia, na asubuhi nikiwa jikoni namsikia anakohoa chumbani. Mara mbili kwa ufupi, halafu moja ndefu, halafu anasafisha koo taratibu na kusema "Alhamdulillahi." Mara ya kwanza niliitika "Abee, Mama," nikaacha chai ikamwagika yote. Tangu hapo kila asubuhi nasita kidogo kuwasha redio, nisije nikakukosa.

Daktari anasema akikaa mbali na moshi kikohozi kile kitapungua, na Mungu akipenda kitaisha. Nakuahidi Zuhura hatasogea tena karibu na kuni maadamu mimi nina miguu. Nitamlinda mpaka kikohozi kiishe na asubuhi nyumba iwe kimya, na hapo ndipo nitakuwa sikusikii tena popote.

Allah akupe nuru huko uliko.

Mwanao,
Rukia