Nusu Kilo Kila Jumatatu

Kibaha,
11 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepata nafuu. Mimi sijambo, zamu za kiwandani Zegereni zinanichosha, hazijanishinda. Elinipa anakusalimu kutoka Dodoma. Masomo yake ya uuguzi yanaendelea vizuri na anahesabu miezi iliyobaki kabla ya kurudi kumlea mwanetu.

Naandika kuhusu huyo mwana. Uliniagiza kwamba mambo mazito tuyaweke kwenye barua, kwa kuwa kwenye simu nasema mimi peke yangu. Nimetii, na Zahoro amekubali kutubebea kila anapoleta mihogo sokoni kwa kirikuu chake.

Jumapili iliyopita, nilipokuja Kibuta, nilimpikia Seif uji kwa mkono wangu kwa ule unga niliouleta: mtama, ulezi na karanga, bila chembe ya sukari. Alionja mara moja, akakisukuma kikombe, akasema bibi yake hapiki hivi. Baadaye alipokuwa anacheka niliona magego mawili ya chini yametoboka na kuwa meusi. Mtoto wa miaka minne, Mama.

Sikutuhumu. Ninachofanya ni kuweka mambo mawili karibu na kuyatazama. Nimesoma sana juu ya suala hili, wala si katika magazeti. Wataalamu wa lishe wanakubaliana kwamba mtoto mdogo anayeanza siku kwa sukari huzoea utamu kabla hajazoea chakula, na kwamba mazoea hayo hukaa naye utu uzima wote. Najua utajibu kwamba sisi tulikunywa chai tamu kwa viazi na tukakua. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu huhesabu waliokua tu. Marehemu Baba mwenyewe tulimzika na meno sita.

Naomba jibu la wazi: asubuhi Seif anakunywa nini? Nikiona mambo hayabadiliki, nitalazimika kumleta huku Kibaha na kumtafutia kituo cha kulelea watoto. Nisingependa kufika huko.

Mwanao,
Zubeir


Kibuta,
15 Februari 2024

Mwanangu Zubeir,

Marahaba. Barua yako imefika salama, Zahoro kaileta ikiwa na harufu ya mihogo. Goti linauma asubuhi, jioni linasahau. Mwambie Elinipa nampa salamu na asome kwa utulivu. Mume wangu Seif hajambo. Ameota kimo, na juzi amenitolea posa upya mbele ya Mwalimu Marselina wa chekechea, akisema nikikataa ataoa kuku.

Nianze na marehemu. Baba yako aling'olewa meno na tumbaku ya kutafuna. Usimbebeshe kesi ambayo si yake, hawezi kujitetea.

Sasa jibu lako la wazi. Nyumba yangu haina sukari. Tangu mwaka juzi, pale mganga wa Kisarawe aliponiambia damu yangu ina sukari ya kutosha mtaa mzima, sijaweka kopo la sukari kwenye kabati. Chai nainywa kavu, na mwanao wa kizungu huyo anainywa kavu pembeni yangu huku akikunja uso kunitania. Uji nampikia kwa tui, namkamulia ndimu. Kama ameukataa uji wako, labda mpishi ndiye aulizwe.

Meno sijui. Nimeyaona, nikadhani amegongwa.

Nilimlea baba yake huyo mtoto mpaka akafika chuo kikuu. Kama huniamini, andika kwamba huniamini. Usiandike wataalamu.

Mama yako


Kibaha,
3 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba u mzima. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni sina raha, na nitakueleza sababu bila kuzunguka.

Baada ya barua yako niliona haya. Nilijiambia kwamba nimemvunjia mama yangu heshima, na nilikuwa tayari kuomba radhi. Lakini mtu aliyezoea kupima ushahidi hawezi kuridhika na kauli ya upande mmoja, hata kama upande huo ndio uliomzaa. Nikampigia simu Mwinjuma, mwenye duka karibu na msikiti, ambaye tulikaa naye dawati moja darasa la tano. Sikumweleza lolote. Nilimuuliza tu, kama mazungumzo ya kawaida, Mama huchukua nini dukani siku hizi, ili nijue cha kukuletea.

Akanitajia chumvi, sabuni, viberiti. Kisha akasema, na namnukuu: "Na sukari nusu kilo, kila Jumatatu, hakosi. Mama yako ndiye mteja wangu wa uhakika."

Nyumba isiyo na sukari hununua nusu kilo kila Jumatatu. Mwanamke aliyekatazwa sukari hununua nusu kilo kila Jumatatu. Ndani ya nyumba hiyo wanaishi watu wawili, na mmoja wao haitumii. Hesabu hii, Mama, haihitaji shahada.

Naumia zaidi kwa jinsi ulivyonijibu. Ungesema tu, "Namtilia kijiko, ananililia," ningebishana nawe na yangeisha. Badala yake umenipa maneno yaliyopangwa vizuri mno. Sasa nikisoma kila sentensi yako naitafuta iliyo chini yake.

Jumamosi tarehe tisa nitakuja na gari la rafiki yangu. Naomba nguo za Seif ziwe zimefuliwa.

Zubeir


Kibuta,
6 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Sisi wazima. Sikuulizi hali, umeniandikia.

Nilikuficha, sikukudanganya. Najua wewe huzitofautishi hizo mbili, na leo hata mimi sizitofautishi vizuri.

Sukari ni ya chekechea. Unajua pale kwa Marselina watoto ni ishirini na watatu, na uji wa saa nne tunaupika sisi wazazi na mabibi. Wengine wanaleta unga, wengine kuni, mimi nilijiandikisha sukari. Siipitishi nyumbani, kutoka kwa Mwinjuma naipeleka moja kwa moja kwa mwalimu. Nusu kilo, watoto ishirini na watatu, siku tano. Wewe msomi, piga hesabu uone kila mmoja anapata nini. Hakifiki kijiko kilichojaa. Na wapo kati yao ambao kile kikombe ndicho cha kwanza tangu jana yake mchana. Unga unaopatikana ni wa mtama mwekundu, mchungu. Wiki tuliyokosa sukari waliumwaga chini ya mwembe, kuku wakashiba.

Seif nilimkataza. Nataka ulijue hili. Nilimwambia Marselina kwamba baba yake hataki, akae pembeni nimletee ndizi yake. Siku ya kwanza alikaa. Siku ya pili alikaa, wenzake wakawa wanamuuliza ana ugonjwa gani. Siku ya tatu nilimkuta amegeukia ukuta, na ndizi ameishika haijamenywa. Nilimchukua mkono nikamketisha kwenye jamvi, nikampa kikombe kama cha wenzake. Tangu siku hiyo anakunywa. Ndiyo hiyo sentensi uliyokuwa unaitafuta chini.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaleta wataalamu, na wataalamu wako hawakumwona alivyougeukia ukuta.

Mwanangu, usimchukue. Siku tatu tu baada ya Jumamosi hiyo tunaingia kwenye mfungo, na nyumba hii ikibaki na mtu mmoja daku nitakula na nani? Sikuombi kwa kuwa nina haki. Nakuomba.

Na Mwinjuma leo nimempita bila salamu. Umenifanya mama mpelelezwa kijijini kwangu.

Mama yako


Kibaha,
28 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Ni wiki saba tangu nilipomtoa Seif mlangoni kwako, nawe ukabaki ndani. Mwezi wa Ramadhani umepita na Idi imepita. Nilisema nimepangiwa zamu. Nilipangiwa zamu ya mchana. Asubuhi ningeweza kuja, sikuja.

Afya zetu ni njema. Nakuandikia mambo mawili, na yote mawili yananigharimu.

La kwanza ni uji. Kwa siku kumi Seif aliukataa. Nilimwambia, kwa ukali ninaoujutia, kwamba hapa hakuna sukari na hataiona. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mlevi. "Sitaki sukari, baba," akasema. "Hujatia ndimu." Nikakamua ndimu. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine. Uliniandikia jambo hilo mwezi wa pili kwa maneno yasiyo na utata, nami nikalipita kwa sababu nilikuwa natafuta uongo.

La pili ni meno. Nilimpeleka kwa daktari wa meno nikiwa na barua yako mfukoni. Sikuibeba kwa mapenzi, Mama. Niliibeba kama kielelezo. Daktari alimulika mdomo, akauliza mtoto alikuwa anaishi wapi alipokuwa na miaka miwili na nusu, maana uharibifu ule haukuanza mwaka huu. Nikasema alikuwa kwangu. Akauliza kama alikuwa analala na chupa.

Alikuwa analala na chupa. Ndio mwaka niliokuwa naandika tasnifu yangu. Elinipa alikuwa kazini, nami nilihitaji saa mbili za kimya kila jioni, nikagundua kwamba maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari humtuliza mtoto kuliko hadithi yoyote. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Mezani palikuwa na vitabu vinavyokataza jambo hilo, nami nilivisoma huku mtoto akinyonya. Shahada iliyo ukutani imelipiwa na magego mawili ya mwanangu, na nilikuja kuyadai kwako.

Niwie radhi. Sina namna ya kulipamba.

Seif anakuulizia. Kituo cha hapa ni kizuri, ila hachezi. Hukaa karibu na lango. Ninaomba kumrudisha. Bado ninaamini kwamba uji wa chekechea haupaswi kuwa na sukari, na kwamba makosa yangu hayaugeuzi ukweli huo. Kwa hiyo naomba tu kwamba Seif awe na kikombe chake mwenyewe, kisicho na sukari, hata akiwa na wenzake.

Kama utakubali, tutakuja Jumamosi ya tarehe kumi na moja.

Mwanao,
Zubeir


Kibuta,
5 Mei 2024

Mwanangu Zubeir,

Marahaba, babangu. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mimi nipo. Mfungo niliumaliza salama, daku nilikuwa nakula na redio.

Yaliyo kwenye barua nimeyapokea. Ya chupa usijipige nayo. Mzazi yeyote amewahi kununua kimya kwa kitu asichokisema. Wewe nilikuwa nakufungia muwa uutafune ili nipalilie, na nikisikia unalia naongeza mwingine.

Sharti lako silikubali. Nimezungumza na Marselina na wenzangu. Tumepunguza sukari, tunaponda ndizi mbivu ndani ya sufuria, na wengi wanakunywa. Siku ndizi zikikosekana nitanunua sukari, na watatiliwa wote. Kikombe cha peke yake sitampa mtoto yeyote tena. Nilishajaribu, nikaona ukuta. Ukiona hilo halikufai, mwache huko, nami nitanyamaza.

Ukiona linakufaa, njooni. Lakini umlete wewe, wala si Zahoro, na ulale. Jumapili asubuhi nitapika uji wa tui na ndimu, nitaweka vikombe vitatu.

Unajua kwetu anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni anywe bila shaka. Tunaita kutoa uchawi. Mgeni tunamwonjea. Mtoto wa nyumba haonjewi. Anachukua kikombe anakunywa. Katika maisha yangu sijamwonjea mwanangu chakula.

Jumapili sitakuuliza. Nitakiweka kikombe chako mezani, na nitauangalia mkono wako. Ukisubiri, nitaonja.

Mama yako