Alama za Pacha Mdogo

Jumatatu, 3 Novemba

Stoo ya mitihani tangu asubuhi. Vumbi hadi kwenye kope. Mkuu wa Kitivo anataka vijitabu vyote vya majibu vilivyopitisha mwaka viorodheshwe. Gari litakuja Jumatano ya wiki ijayo kuvichukua vikateketezwe. Sahihi itakayoruhusu ni yangu – afisa taaluma wa sheria ni mimi, hakuna mwingine.

Boksi la tisa: Sheria ya Ushahidi, mtihani wa marudio wa mwaka jana. Nikakuta vijitabu vya wale Pacha. Si pacha kweli – wanafunzi wawili wa kike, majina yote matatu sawasawa, tukawa tunawatania. Pacha Mkubwa ana miaka arobaini na mitatu, alikuwa karani wa mahakama miaka kumi na minane kabla ya kuja kwetu. Pacha Mdogo, ishirini na miwili. Namba ya Mkubwa inaishia 147, ya Mdogo 174.

Kijitabu cha 174: hamsini na nane. Wino mwekundu, imezungushiwa duara.

Lakini Pacha Mdogo alifeli. Tulimwondoa chuoni.

Nimefunga boksi nikatoka. Chai imepoa mezani, sijui niliimimina saa ngapi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeangalia mara tatu. Vijitabu na karatasi ya alama ya mwalimu vinakubaliana. Kompyuta inasema kinyume. Mkubwa alipata thelathini na moja, akaandikiwa hamsini na nane. Mdogo akabebeshwa ile thelathini na moja. Aliyeingiza alama: mimi. Tarehe ipo, saa ipo, jina langu lipo.

Nilikosea. Nimeliandika hapa nilione linavyokaa.

Na rufaa! Alileta rufaa yule binti. Siku za kukata rufaa ni kumi na nne, yeye alikuja siku ya kumi na sita, cheti cha hospitali mkononi, bado anakohoa. Sikukifungua hata kijitabu chake. Nilimwambia, unasoma sheria halafu hujui kwamba muda nao ni sheria? Nikajiona nimesema neno la maana. Hata nilimsimulia mume wangu jioni ile, tukacheka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwambia Mkuu.

Alivua miwani akanisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya, hilo nalijua, miaka tisa nafanya kazi chini yake. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna. Basi akaanza kusema polepole, kama anasoma hukumu. Mkubwa yumo kwenye orodha ya wahitimu, mahafali ni Jumamosi tarehe 22. Ukimrudisha mmoja unamwangusha mwingine, na huyo mwingine hakuiba kitu. Wakaguzi wanakuja Desemba kuamua kama kitivo kiendelee kufundisha sheria. Wanafunzi mia sita, niwafikirie na hao.

“Mimi sijasikia kitu, na wewe hujasema kitu,” akasema. “Gari litakuja Jumatano. Weka sahihi, upumzike.”

Kinachonitisha si maneno yake. Kinachonitisha ni kwamba nilifarijika. Dakika kumi nzima nilitembea kwenye korido nikiwa mwepesi, nikawasalimia watu.

Ijumaa, 7 Novemba

Pacha Mkubwa amekuja na fomu yake ya kumaliza masomo. Imebaki sahihi yangu na muhuri tu. Joho alikuwa nalo mkononi; akalivaa – linaburuzika chini, akaniomba nimwonyeshe mahali pa kukunja. Nikapiga magoti na pini mdomoni, nikimpimia. Anasema hakimu wake wa zamani alimwita “we karani” miaka yote kumi na minane, hata siku ya msiba wa mamake. Sasa atasimama mbele yake na itambidi amwite wakili msomi. Alicheka hadi akashika ukuta.

Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba ule mtihani wa Ushahidi alitoka akilia. Alijua ameanguka. Anasema hajui hadi leo alipitaje.

Nikamwambia muhuri umefungiwa kwa Mkuu.

Muhuri ulikuwa juu ya meza, kati yetu. Aliuangalia, akaniangalia. Akakunja joho lake vizuri, akasema atarudi Jumatatu.

Jumapili, 9 Novemba

Simu ya Pacha Mdogo haipatikani. Kwenye faili kuna namba ya babake, nikapiga. Nikajitambulisha, natoka Kitivo cha Sheria. Nikasikia redio ikizimwa upande wa pili.

“Mwanangu,” akasema, “kama ni barua nyingine ya kumkataa, nitumie mimi. Usimpelekee yeye. Ndiyo kwanza ameanza kula.”

Nikashindwa kumwambia ukweli. Nikasema si barua, nataka kujua yuko wapi tu. Akanielekeza: duka la kuchapa na kutoa fotokopi, mkabala na lango la mahakama. Anawachapia watu viapo. Akanishukuru kwa kumkumbuka bintiye. Alinishukuru!

Jumatatu, 10 Novemba

Pacha Mkubwa amekuja mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nimejifungia chooni kama mtoto mtoro, nasikia viatu vyake nje.

Nimemweleza mume wangu. Akauliza ikiwa nitafukuzwa. Nikamwambia naweza kufukuzwa, naweza hata kushtakiwa. Akauliza kama watoto wetu nimewafikiria. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuosha vyombo. Sahani moja aliiosha muda mrefu mno.

Jumanne, 11 Novemba

Vijitabu viwili na karatasi ya alama vimo mkobani mwangu. Ni wizi. Kanuni ya kutotoa nyaraka za mitihani nje ya ofisi niliiandika mwenyewe, nikaibandika mlangoni.

Orodha ya maboksi iko mezani. Sijaweka sahihi.

Jumatano, 12 Novemba

Sikwenda kazini. Nimekuja kwenye duka lile, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani.

Duka dogo, kompyuta mbili, printa moja inayolia. Amekonda. Alinitambua kabla sijafika kaunta, nikaona mabega yanapanda. Akasema karibu, kama anavyowaambia wote. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Jumapili, hayakutoka hata moja. Nikasema nina barua ya kuchapa. Akauliza imeandikwa au nitamtajia. Nitakutajia, nikasema.

Nikataja. Kwa Mkuu wa Kitivo. Nakala kwa Seneti ya chuo. Kuhusu kosa langu katika kuingiza alama za Ushahidi. Alichapa haraka, macho kwenye kioo. Nikataja namba ya kwanza. Nikataja ya pili, yake, na vidole vikasimama.

“Endelea,” akasema. Hakugeuka.

Nikaendelea hadi mwisho, hadi hamsini na nane. Nikatoa kijitabu mkobani, nikakiweka karibu na mkono wake. Hakukigusa. Aliusoma mwandiko wake wa mwaka jana kama wa mtu asiyemjua. Nikaomba radhi. Sijui alisikia, printa ilikuwa inalia.

Printa ilipotulia akauliza, “Na mwenzangu? Ameambiwa?”

Bado.

“Yeye ndiye aliyekuja kuniona hospitali,” akasema. “Peke yake, katika darasa zima.”

Mzee mmoja akaingia na kiapo chake cha shamba, na nyuma yake mama mwenye mtoto. Binti akaniambia nisogee benchi la nje, kuna wateja.

Niko hapo sasa. Mkuu amepiga mara nne; gari bila shaka limefika. Pacha Mkubwa naye ameandika, anauliza kama leo muhuri umepatikana. Barua bado iko kwenye kompyuta. Hajaitoa, hajaifuta. Namwona binti kupitia dirisha, anamsomea mzee kiapo chake mstari kwa mstari, na kijitabu chenye duara jekundu kiko pale pale nilipokiacha.