Neno Ulilolisema Harusini

Afungi, kambini
Ijumaa

Dada Mwanaisha, mkubwa wangu,

Shikamoo. Salamu nakupa kwa kuwa ni haki yako, si kwa kuwa nimepoa. Mama hajambo? Kifua chake kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, bado niko jikoni. Ningekupigia simu, lakini ungenikatia, na haya lazima uyasome hadi mwisho.

Habari ni za Zaituni, rafiki yangu niliyetoka naye huko kisiwani kwetu Macaloe, ninayelala naye chumba kimoja. Unakumbuka tulipokuja harusi ya binti wa shangazi, yeye kanenepa kidogo, kapendeza? Ukasema mbele ya wanawake wote, naye akisikia: "Mwili huo si wa wali wa kampuni. Huyo ana chefe, bosi anayemlisha." Watu wakacheka. Tangu gesi ionekane, binti akipata kazi ndani ya uzio wa kampuni hakosi kusemwa, lakini wewe umemjua tangu mtoto!

Tuliporudi akaanza kufunga. Akasema analipa siku zake za Ramadhani. Zikaisha, akaingia Jumatatu na Alhamisi, mwishowe kila siku. Nami mpumbavu nikawa namsifu kwa wenzetu, "Mtazameni mcha Mungu!"

Sikukuu ya Idi Kubwa nikampakulia pilau. Akaisukuma sahani: "Nimefunga." Dada, siku ya Idi! Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua siku ile kufunga ni haramu. Alipoona tunatazamana akatambua alichosema, akaanza kulia. Nikamshika mkono, nikakuta mifupa mitupu.

Hapo nami nikakosea tena. Nikamgombeza, nikamlinda kama mwizi, akawa anakula mbele yangu kisha anakwenda kutapika chooni. Nesi wa kambi ndiye aliyenikanya: "Huu ni ugonjwa, si kiburi. Acha kumhesabia matonge. Kaa naye, zungumzeni mengine, halafu umlete kwangu." Sasa tunakula sinia moja, namsimulia vituko vya mpishi mkuu. Siku nyingine anakula, siku nyingine hali. Juzi asubuhi alianguka tukigawa matabisho ya kufungua kinywa, birika la chai mkononi. Nashukuru Mungu hakuungua.

Nesi anataka aende hospitali ya mkoa, mjini Pemba. Gari lipo Jumatano. Zaituni anakataa! Unajua kwa nini? "Nikienda Pemba, kisiwani watasema nimekwenda kutoa mimba ya chefe." Yuko tayari kufa kuliko kusemwa, na maneno hayo mbegu yake ni wewe. Ulimi hauna mfupa, kweli.

Usinijibu kwamba ulikuwa unatania. Usiniletee habari za jini wala za kombe la kumnywesha. Nenda kwa mama yake Zaituni, mchana, wale wanawake wakiwepo, useme: "Neno lile nililitunga mimi, ni uongo. Mtoto anaumwa, mwacheni atibiwe." Kisha mama yake ampigie kabla ya Jumatano. Nina hasira nawe, Dada, sijapata kuwa nazo hivi.

Nisalimie mama, umbusu mkono. Shemeji mwambie ndoano alizoniagiza nimezipata. Shangazi mwenye harusi nisalimie pia, ingawa naye alicheka.

Hata mimi nilicheka. Jana nimemwambia Zaituni hivyo, uso kwa uso, nikamwomba radhi. Akaniuliza jambo moja tu: "Na dada yako?"

Ndipo leo nimeshika kalamu.

Mdogo wako, wa tumbo moja,
Fatima