Mkono wa Kulia wa Mama Auxilio

Jumanne, 5 Februari 2019

Mama mkwe kaanguka! Tope la mlangoni, pale pale ninaposema kila siku tumwage changarawe — nani ananisikiliza? Mkono wa kushoto alikuwa na bakuli lake la maji ya kusukia. Bakuli hakuliachia. Akatanguliza wa kulia, kiganja wazi, uzito wote juu yake. Mimi niko jikoni. Nasikia kishindo, halafu sauti yake, shwari kabisa: "Nelva, njoo unipokee hili bakuli."

Nikamwinua. Nikamwambia twende hospitali, akacheka. Akachezesha vidole vyote vitano mbele ya pua yangu. Mkono uliovunjika unafanya hivi? Umeteguka tu, akasema, nyie watu wa milimani mna woga. Kisha akainamia kigogo chake cha kusukia, kifua juu ya mto, akasuka kofia yake ya nyuzi za majani mpaka joto likazidi na nyuzi zikakauka. Hapa kijijini Pile ndiyo sheria ya wote: mkono unaosuka haujavunjika. Na mimi, baada ya miaka yote niliyokaa nao, nikaamini!

Jioni kifundo kimevimba. Kijiko hakishikiki. Kanywa supu ya karanga kwa mkono wa kushoto, ikammwagikia, akaniambia nitazame kwingine.

Jumatano, 6 Februari

Hakulala. Nimejua kwa sababu niliamka nikakuta kahawa tayari, imechemshwa kwa mkono mmoja. Kifundo ukikitazama kwa ubavu kimepanda halafu kikashuka, kama mgongo wa uma. Na bado hospitali hataki! Anataka Don Filemón aje amkande.

Don Filemón ndiye mkandaji wetu. Migongo, shingo, vifundo vya wacheza mpira, vyote anavitibu kwa mafuta yake ya kafuri. Nikaenda kumwita nikijiandaa kugombana naye. Wala! Alimtegemeza Mama kiwiko, akautazama mkono kwa muda, akagusa kwa kidole kimoja tu, upande wa dole gumba, juu kidogo ya kifundo. Mama akafumba macho. Mzee akaifunga chupa yake.

"Huu sikandi."

"Kwa nini? Si unaona vidole vinacheza?"

"Vidole vinavutwa na mishipa, Auxilio, na mishipa yako mizima. Mfupa ndio umekwenda. Nikiukanda nitakulemaza, kisha utanisema mpaka naingia kaburini."

"Nitakusema hata usipokanda."

"Hilo nalijua."

Akaomba magazeti. Akayakunja yakawa mazito, akayalaza chini ya mkono toka kiwiko mpaka kiganjani, akafunga kwa vitambaa bila kukaza sana. Hakujaribu kuunyoosha. Alisema aliyeupinda ni Mungu na tope, atakayeunyoosha ni mwenye eksirei. Akauning'iniza shingoni kwa shali yangu. Halafu pete! Itoke sasa hivi, akasema, mkono ukizidi kuvimba itabidi ikatwe. Ni pete ya marehemu baba mkwe, haijawahi kuvuka kile kifundo cha kidole. Sabuni, mafuta, uzi. Mzee anazungusha uzi, Mama anamtukana yeye na babu zake. Ikatoka. Nampenda yule mzee!

Hospitali, mjini Manta. Daktari Intriago ni mdogo, nikadhani ni mwanafunzi. Lakini mikono! Kabla ya yote alibonya kucha za Mama moja moja, akatazama rangi inavyorudi. Akamgusa vidole kwa ncha ya kalamu, huku akimwambia afumbe macho: hapa unasikia? Na hapa? Akamwambia agusanishe dole gumba na kidole cha mwisho. Ndipo eksirei. Ule mfupa mnene wa upande wa dole gumba umevunjika karibu na kifundo, na kipande kimesukumwa nyuma. Don Filemón alipagusa pale pale. Nilimwambia daktari, naye akasema mzee huyo apewe salamu zake.

Sindano ya ganzi penye mvunjiko. Muuguzi akashika juu ya kiwiko, daktari akavuta kwa vidole, taratibu, bila kuachia, kisha akausukuma mfupa kwa madole gumba yake mawili. Niliona mkono ukirudi kuwa mkono. Mama wala hakuguna. Alimwuliza tu kama amezoea kuvuta watu au leo ndiyo anajifunza. Daktari akacheka mpaka ikabidi muuguzi amkumbushe plasta inakauka.

Plasta toka chini ya kiwiko mpaka kiganjani, vidole nje. Wiki sita. Isilowe maji. Ganzi ikizidi, au vidole vikiwa vya bluu au baridi, turudi mbio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu — je, mkuu mwenyewe akivunjika mkono?

Jumapili, 10 Februari

Kazi yangu asubuhi na jioni: nabonya kucha zake. Ziwe nyeupe, zirudi waridi. Zinarudi. Analala mkono juu ya mito miwili, kama malkia. Vidole lazima avikunje na kuvinyoosha visije vikakakamaa, kwa hiyo kila kidole kakipa jina la mtu aliyemuudhi, anakikunja kwa jina hilo. Vidole havitoshi, anazunguka upya. Jina langu limo. Nimelisikia.

Jirani kaja kujitolea kumalizia kofia. Mama kamnywesha kahawa, kamshukuru. Mlango ulipofungwa akasema heri aichome moto. Namwelewa. Kila mkono una mvuto wake; ukingo ukianzwa na mmoja ukamalizwa na mwingine, kila mtu Pile ataona. Na kofia yenyewe! Nyuzi ni nyembamba, ukiiinua dirishani mwanga unapita lakini tundu hulioni. Kichwa chake kimekwisha. Ukingo umebaki upana wa vidole vinne. Macho ya Mama hayatafika kwenye nyingine kama hii, anajua. Aliniambia leo, bila mzaha: "Nikiimaliza hii ndiyo nitasema nilikuwa msukaji." Mwanamke amesuka tangu utotoni!

Nikambonya kucha.

Jumatano, 13 Februari

Eksirei tena. Mfupa umetulia pale pale ulipowekwa. Daktari kafurahi, mimi nimefurahi, Mama kalalamika kuhusu foleni. Safi!

Jumatano, 20 Februari

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nimeingia chumbani kwake kufagia. Kofia kwenye kigogo, imefunikwa kitambaa chake kama siku zote. Chini yake bakuli. Nikasema nimwage maji, mbu wasizaliane. Maji meupe! Kama yaliyooshewa mchele, na chini kabisa unga mzito. Nikachovya kidole nikausugua. Plasta.

Nikafunua kitambaa. Ukingo umebaki upana wa vidole viwili.

Nikamkuta ameketi uani. Nikashika plasta yake upande wa kiganja, ikabonyea. Laini kama mkate! Nikapiga kelele, majirani wote wamesikia, wasikie tu. Yeye kaniacha nimalize.

"Nilichovya vidole tu," akasema. "Ndivyo tunavyosuka. Uzi mkavu unakatika."

"Na plasta je?"

"Plasta ndiyo iliyofuata vidole. Mimi sikuialika."

"Mama! Uliumia?"

"Sana."

Hivyo tu. Sana! Alikuwa akiamka alfajiri, hewa ikiwa bado na unyevu, mimi nikikoroma. Vidole vikitangulia majini kwa mazoea ya maisha yake yote, na kifundo nyuma yao. Angeniambia ningemfunga mfuko wa plastiki! Hapana, ningemfunga kamba kitandani. Anajua, ndiyo maana hakuniambia.

Nikambonya kucha huku nalia kwa ghadhabu. Zinarudi waridi. Lakini dole gumba na kidole cha mwisho havikutani tena vizuri, na kifundo kimeanza kupanda upya. Mume wangu Wilmer kapiga simu kutoka kwenye mabwawa ya kufugia kamba anakofanya kazi, nikamweleza. Akauliza eti usukaji umetokaje. Mtoto wa mama yake!

Lakini nilikwenda kuangalia. Niliipeleka kofia dirishani, nikaizungusha yote, nikatafuta mahali ulipovunjika mkono. Msuko uliolegea, uzi uliokazwa zaidi, chochote. Sikuona. Vidole viwili vizima vya ukingo, vimesukwa na mfupa uliovunjika, na sikuona! Mungu anisamehe, nilisimama pale nimejaa fahari, kama nimeisuka mimi.

Kesho hospitali. Akikataa nambeba mgongoni.

Alhamisi, 21 Februari

Manta. Naandika kwenye benchi la ukumbini.

Hakukataa. Alivaa gauni zuri.

Daktari Intriago kaikata ile plasta, haikuhitaji hata msumeno. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Mama kuliko kugombezwa. Eksirei: kipande kimerudi nyuma, na kimezunguka kidogo. Akatuweka sote wawili mbele ya picha, akaeleza polepole. Njia ya kwanza, uachwe hivyo. Utaunga umepinda. Atapika, atafua, atabeba maji, lakini kifundo hakitageuka vizuri na huenda vidole vikachoka mapema. Njia ya pili, kuvuta tena leo, mfupa ukiwa bado mbichi. Wiki ijayo itakuwa tumechelewa. Kisha nyaya mbili za chuma kuushikilia, na plasta mpya. Uvutaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Ganzi haifiki kote.

Mama akauliza ipi kati ya hizo inasuka.

"Siwezi kukuahidi yoyote, mama. Ya pili ina nafasi zaidi."

"Nafasi kiasi gani?"

"Ningekuwa wewe, ningevuta."

Mama akautazama mkono wake uchi, uliosinyaa, wenye ngozi nyeupe ya plasta. Akaugeuza kadiri ulivyokubali. Halafu akaulaza mezani mbele ya daktari, kiganja juu, kama mtu anayeweka kitu cha thamani mahali pa kutengenezwa.

"Vuta."

Sasa wametoka kuandaa sindano. Muuguzi yuko chumba cha upasuaji, na wa zamu ya pili hajafika. Daktari alisema tunahitaji mtu mwenye nguvu wa kushika juu ya kiwiko, kuna kijana wa kusukuma vitanda, amwite? Mama akasema hapana, aingie Nelva.

Mimi! Nilimwambia sitaweza, nitazimia, nitamwachia katikati. Akanikazia macho. Sijawahi kumwona na hofu, na leo imo, imejaa tele machoni. Akasema tu: "Huruma usiingie nayo. Mkono wenye huruma hulegea."

Nimenawa mara mbili. Nimevua saa. Mlango umefunguliwa, daktari ananiita jina, na ndani Mama tayari anamwuliza kama safari hii amekwisha kujifunza kuvuta watu. Naingia.