Siku Ilda Alipofika Kwao

Kirotshe, Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani.

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jingine nitakuwa najificha. Wiki nzima nimesahihisha madaftari, nimepiga kelele darasani mpaka sauti imekauka, lakini si uchovu huo. Huu wa leo ni wa mtu aliyebeba mzigo miezi miwili, ameutua, na mabega bado yanauma.

Tumemaliza mchezo. Mimi na Papa.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi na baba yangu katika nyumba ya vyumba viwili tuliyopanga hapa Kirotshe. Sisi si watu wa ziwani. Kwetu ni juu, kwenye kilima kimoja upande wa Kibabi, ambako Papa alifuga ng'ombe, akauza maziwa na fromaji, yaani jibini. Mama amezikwa kule, nyuma ya nyumba. Vita vilipotufukuza, huu ni mwaka wa tatu, tulishuka na godoro moja, sufuria mbili na kompyuta yangu ya zamani niliyoitumia nikisoma Bukavu. Ndani yake kulikuwa na mchezo ambao mwanafunzi mwenzangu aliniwekea. Nilikuwa nimeuanza mara tatu na sikuwahi kufika mwisho.

Unaitwa Orvane. Ni mchezo wa hadithi, mrefu kama kitabu. Unamwongoza Ilda, binti wa mhunzi, anayetoka bondeni kwao kumtafuta kaka yake aliyepotea. Anazunguka nchi nzima na wenzake wawili, askari mzee na mwanamke mganga, pamoja na punda wa mizigo. Wewe ndiye unayechagua aseme nini, amsaidie nani, amwache nani njiani. Na kila ulichochagua utakutana nacho mbele.

Papa aliingia humo kwa sababu ya mguu. Aliteleza kwenye njia ya kuteka maji, mfupa ukavunjika, akafungwa plasta kutoka paja hadi kwenye vidole. Mtu aliyetembea nyuma ya ng'ombe maisha yake yote akawekwa juu ya kiti, akatazama ukuta. Wiki ya kwanza sidhani kama alisema maneno kumi. Siku moja nilirudi kutoka shule, nikafungua kompyuta nipumzishe kichwa. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Huyu mwanamuke anaenda wapi?"

"Anamutafuta kaka yake, Papa."

Akatazama kidogo.

"Na punda ilisha kula?"

Tangu siku hiyo tulicheza wawili. Betri tunachajisha kwa jirani mwenye sahani ya umeme wa jua, inadumu saa moja hivi, basi kila siku baada ya shule tulikuwa na saa moja. Maneno yote ni ya Kifaransa, na Kifaransa cha Papa kinaishia kwenye salamu. Mimi nasoma, nageuza kwa Kiswahili, nabadilisha sauti kwa kila mtu. Yeye anaamua.

Na aliamua kwa namna yake. Alimpa punda jina la Bihogo, kama wanavyoitwa ng'ombe wa rangi ya udongo, na hakukubali tuondoke kambini kabla Bihogo hajapelekwa mtoni. Katika mchezo huo wanyama hawasikii kiu. Nilimweleza. Akaniambia hakuna mnyama asiyesikia kiu, tukampeleka mtoni kila mara. Papa hakumpenda yule askari mzee. "Ule anacheka mingi," alisema. Askari alipokuja kuiba chakula cha wenzake na kutoroka, Papa alininunia mimi mpaka wakati wa kula, kana kwamba mwizi ni mimi.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo nikishangaa. Mwaka huu, katika nyumba hii inayovuja, nilikuwa narudi kutoka shule mbio.

Sasa niungame.

Yuko mtu anaitwa Papa Innocent, anashusha maziwa kutoka milimani kwa pikipiki. Kila nikikutana naye namuuliza habari za kilima chetu, maana nyumbani Papa huniuliza mimi. Miezi miwili iliyopita nilimuuliza kama kawaida. Akazima pikipiki. Akavua kofia. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Nyumba imeungua. Mabati yamekwenda. Miti ya zizi iling'olewa ikapikiwa, mikaratusi yote imekatwa makaa. Kuna watu wamelima maharage mpaka pale palipokuwa mlango.

"Mwalimu," akaniambia, "usimuambie muzee sasa. Na muguu ile yake, itamumaliza."

Nilimshukuru. Nikanunua maziwa. Nikarudi nyumbani, Papa akauliza kuna habari gani, nikasema sambaza, dagaa wa ziwani, zimepanda bei.

Wiki hiyohiyo, katika mchezo, mjumbe alimfikia Ilda njiani. Nilisoma maneno kwenye kioo kabla ya kuyatamka. Alikuwa anamwambia kwamba bonde lao limeteketea, kwamba nyumba ya mhunzi haipo tena. Papa alikuwa anasubiri, mguu wake mweupe umenyooshwa juu ya kigoda.

"Anasema nini?"

"Anasema kwao beko muzuri. Banamusalimia."

Ilda akapiga magoti, akafunika uso kwa mikono.

"Na juu ya nini analia?"

"Furaha, Papa."

Toka hapo ikabidi nipinde hadithi yote. Ilda alipokasirika nilisema ana haraka. Alipokataa kula nilisema ameshiba. Mganga alipokaa naye usiku kucha akimfariji, nilisema anampa dawa ya kikohozi, na Papa akatikisa kichwa: "Ule mutoto anakohoa mingi." Nilicheka. Kisha nikaenda jikoni nikasimama tu, sikuwa na cha kufanya huko.

Nikaanza pia kuuchelewesha mchezo. Leo betri haikujaa. Leo nina madaftari. Nilijua Ilda anarudi kwao, na kwamba picha sitaweza kuigeuza kama maneno.

Leo sikuwa na kisingizio. Hakuna shule, betri imejaa tangu jana, plasta ilitolewa wiki mbili zilizopita na Papa anatembea kwa fimbo. Alikuja mwenyewe akavuta kiti.

"Leo tumufikishe kwao."

Ilda akavuka daraja la mwisho, kaka yake hajapatikana, mganga akimfuata kwa mbali. Akapanda kilima, Bihogo nyuma yake. Alipofika juu, muziki ukakatika, na bonde lote likaonekana mara moja: jeusi, tambarare, moshi mwembamba, mawe ya tanuri la baba yake yamesimama peke yake.

Papa akaegemea mbele.

"Hii njo wapi?"

Nikajifanya natafuta kitufe.

"Solange. Hii njo wapi?"

"Njo kwao, Papa."

"Si ulisema kwao beko muzuri?"

Ningeweza kusema yametokea sasa hivi, wakati Ilda yuko njiani. Uongo huo ulikuja wenyewe, umekamilika, tayari kutoka. Ndipo nikachoka. Sina maelezo mengine. Sikushikwa na ujasiri wowote, nilichoka tu.

"Nilikudanganya. Ule mujumbe alisema nyumba iliungua. Mimi njo nilibadilisha."

"Juu ya nini?"

"Juu Papa Innocent aliniambia hivyohivyo. Ya kwetu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, nikafikiri labda hakusikia. Alikuwa amesikia. Aliniuliza kimoja kimoja: nyumba, zizi, mikaratusi. Nikajibu kimoja kimoja. Niliposema maharage yamefika mlangoni, alifumba macho.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Miezi mbili."

"Miezi mbili," akasema. "Na kila siku unanisomea."

Akachukua fimbo akatoka. Nilimwona kupitia mlango, amesimama kwenye baraza, mvua inamrukia miguuni. Hakuwa anatazama kitu, maana hakukuwa na kitu cha kutazama, ziwa limefunikwa, milima imefunikwa. Nilitaka kumpelekea koti. Nilibaki nimekaa. Kwenye kioo Ilda naye alikuwa anangoja.

Sijui alikaa muda gani. Aliporudi suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Hakuketi.

"Mimi njo baba," akasema. "Haiko wewe njo baba. Mambo ya kwangu unaniambia. Hata nikufe nayo, unaniambia."

"Ndiyo, Papa."

"Ulifikiri mimi ni mutoto?"

"Nilifikiri utachoka kuishi."

Hapo akaketi. Nilikuwa sijawahi kumwambia neno kama hilo, na naamini yeye hakuwahi kufikiri kwamba mimi huwaza hivyo ninapopika, ninapofundisha, ninapomwitikia. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetazama ng'ombe aliyedhani ni mzima na sasa anaona mbavu.

Kisha akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Haiyaisha?"

"Bado. Lazima achague. Ajenge nyumba hapa tena, abaki hapa mwenyewe, ao aende baharini na muganga."

Nilidhani atasema ajenge. Miaka mitatu hii kila sentensi ya Papa imeanza na "tukirudi". Tukirudi tutahamisha zizi. Tukirudi nitakununulia mtamba. Alikuna kidevu.

"Ule mutoto anachoka?"

"Anachoka sana, Papa."

"Basi asichague sasa. Akae chini kwanza."

"Mchezo haiko na hiyo. Iko mbili tu."

"Uache kubonyeza."

Nikatoa mikono. Tukakaa. Dakika moja, labda mbili, betri inateremka. Halafu Ilda, ambaye hakuna aliyemgusa, akatazama huku na huku, akaenda polepole hadi kwenye mawe ya tanuri, akaketi. Akaweka mikono mapajani. Bihogo akasogea karibu naye akainamisha kichwa.

Kumbe waliotengeneza mchezo waliliweka na hilo. Mara zote tatu Bukavu sikuwahi kulijua, kwa sababu sikuwahi kutulia.

"Unaona," Papa akasema.

Tukamtazama akipumzika. Nililia, sikujificha, na Papa hakuuliza kama ni furaha.

Betri ilipobaki kidogo akasema, "Chagua wewe."

Nikachagua bahari. Niliogopa kumtazama. Ilda akainuka, akapangusa majivu, akashika kamba ya punda, akamfuata mganga. Hakugeuka nyuma. Papa alisema "sawa" kwa sauti ndogo, na sijui ilikuwa sawa ya namna gani.

Yakaanza kupanda majina.

"Beko nani hawa?"

"Benye kutengeneza mchezo."

"Bote hawa? Soma."

Nikamsomea. Majina ya watu wa mbali, kazi zao, huyu alichora miti, huyu aliandika maneno, huyu alirekodi sauti za wanyama. Kwa huyo wa wanyama Papa aliitikia kwa kichwa. Tulikuwa katikati ya majina kioo kilipozima.

Nimeketi sasa karibu na jiko, unga wa bugali unangoja maji yachemke, naandika kwa simu. Nitayatuma haya mtandao ukirudi. Nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo sikuitarajia. Sina mahali pa kukimbilia Jumatatu baada ya shule. Nimeachana na watu ambao hawapo, nawasikitikia kweli, na nina aibu kidogo kuwasikitikia wakati kilima chetu kimelimwa maharage. Lakini ndivyo ilivyo. Nimeandika hapa ili nisijidanganye na mimi.

Nilidhani Papa amelala chumbani. Sasa hivi amekuja kusimama mlangoni.

"Na musalaba ya mama yako? Innocent aliiona?"

Sikumuuliza Innocent habari ya kaburi. Miezi miwili nimebeba nyumba, mabati, miti, na hilo halikuwahi kunijia, au lilinijia nikalifukuza. Nimemwambia ukweli.

"Sijui, Papa. Sikumuuliza. Kesho kisha misa nitaenda kumutafuta."

"Haiko wewe. Tutaenda bote."

Kwa Innocent ni mbali kwa mguu wake, njia inapanda, na tangu avunjike hajapita lango la jirani.

"Buti yangu uliweka wapi?"

Nimezitoa chini ya kitanda, nimezipangusa utando wa buibui. Ya kushoto ina tundu kwenye kisigino. Papa amelipima kwa kidole, amesema haidhuru, kutoka hapa hadi kwa Innocent hakuna matope mengi.

Mvua imenyesha kutwa nzima. Sikumbishia.